Fimbo Iliyosimama Mu Matope

Bwana Administrateur, Padri wetu, Papa chef wa cité, ba papa wa mutualité, chama cha watu wa Luhwindja, ba maman wenye jasho ya moto ingali ku uso, na ninyi vijana munaosimama kule nyuma karibu na mitungi ya pombe: ninawasalimu wote, kila mutu ku cheo yake, na wale wa ku mitungi ninawaomba waache kidogo kwa mwisho wa hotuba.

Mimi ni Venant, mupiga ngoma kubwa ya fanfare, bendi yetu ya matarumbeta. Masomo nilifika cinquième, na ya sita niliachia wengine nafasi. Déogratias wa tarumbeta alitaka kuwasomea Kifaransa ya karatasi mbili, lakini Maman Rosalie, bibi ya mukubwa wetu, alisema: «Asimame Venant, ule hana haya.» Basi niko hapa.

Tumekuja kumuaga Papa Philémon, mukubwa wa fanfare yetu. Kesho lori inamupeleka kwao Luhwindja, miezi tatu, apumzike. Nani kati yetu hakuona ile kitu ya Dimanche ya Pentekoste? Na nani aliiona akalala vizuri?

Munamujua huyu papa. Asubuhi iko ku bureau kule Nyalukemba, saa sita anakula mukate njiani, mangaribi anatufundisha marche, nyimbo za kutembea kwa mustari, na kisha anaamua bibi na bwana waliopigana, wenye hata hawamulipe chai. Mutoto wake mudogo, Adolphine, akimuona anamupigia saluti kama askari. Kwa nini? Ju hajamuona siku moja bila nguo ya fanfare! Sasa ninauliza: mutu anayeongoza watu wote, na mutoto wake anamusalimia kama mugeni wa Serikali, anaongoza nini?

Ile Pentekoste alikuwa na homa. Maman Rosalie alificha viatu vyake asitoke na fanfare. Papa akakuja na bote za mupira! Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, mulima ya Kadutu unateleza kama sabuni, na yeye mbele yetu, anatembea kinyumenyume, fimbo yake ya kutuongoza, ile ya kichwa ya shaba, iko juu, macho mekundu. Halafu homa ikamushinda. Papa akaanguka. Lakini fimbo, wandugu, fimbo haikuanguka! Ilijichoma mu matope, ikasimama wima kama mushumaa ya Pasaka.

Na sisi? Alitufundisha kwamba hakuna mutu kunyamaza mpaka fimbo ishuke. Basi tukapiga! Wanaume wazima, wenye ndevu, tunapiga miguu pale pale, tunarudilia ubeti ule ule, na mukubwa wetu amelala uso mu matope. Watu wa ku njia wakapiga makofi, walizani ni mutindo mupya. Na mimi nilipiga kuliko wote, munajua mukono yangu.

Maman Rosalie akapasua katikati ya ma trombone: «Munamupigia nani? Munazika mutu muzima na muziki?»

Nikamujibu nini? «Maman, fimbo haijashuka!»

Yooo! Hiyo maneno ilitoka mu kinywa hii munaona. Maman akaing’oa ile fimbo, akaitupa, ndipo tukanyamaza. Tulipomuinua Papa, akafungua jicho moja, akasema polepole: «Nani aliharibu mesure ya wimbo?»

Munacheka. Munganga hakucheka. Alisema: miezi tatu, hakuna fimbo, hakuna mukutano, hakuna kesi ya mutu, la sivyo, mara ya pili mutamupigia na hatasikia.

Papa Philémon, niangalie. Siku ngapi ulinipiga ngumi ya kichwa ju nilipiga ngoma pahali pa soupir? Ulisema: «Venant, hapo unyamaze. Kunyamaza iko ndani ya muziki. Bila soupir hiyo si marche, ni kelele ya sufuria.» Mimi kichwa ngumu nililishika neno hilo. Wewe mwalimu, ulilisahau wapi? Mukubwa asiyepumzika hajiue peke yake: anatuacha sisi wajinga wa kupiga tu, tusiojua hata kuokota mutu.

Sasa niseme jambo. Leo asubuhi nilibeba mizigo yako. Ndani ya mukeka kuna kitu ndefu. Nikauliza, ukasema mwavuli. Papa! Mwavuli yenye kichwa ya shaba?

Ba maman, musicheke, hii ni kufa na kupona. Maman Rosalie, fungua mukeka. Umuone, ni ile fimbo! Basi Papa, ishike, uiinue. Fanfare, ile marche ya Pentekoste, pigeni! Papa, unatujua: hatunyamaze mpaka ishuke. Tutapiga usiku, tutapiga kesho, tutakimbilia lori mpaka Luhwindja. Maman aliitupa mara moja, lakini akitupa yeye, wewe unaokota. Ishushe wewe mwenyewe.

...

Imeshuka. Mumesikia hiyo kimya, Bwana Administrateur? Hiyo ndiyo soupir.

Déogratias, pokea fimbo, na usiitembeze kwa bibi yako. Adolphine, mutoto, wacha saluti. Huyu ni papa yako, kamata mukono yake, mupeleke kulala.

Masikio mulinipa, ninayarudisha salama. Asanteni sana.