Kasoro Kwanza, Bei Baadaye

Ndugu yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Kasoro, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba hii hii ambamo tunamtoa leo, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Mimi ni dada yake, kitinda mimba. Nimeombwa nisome wasifu wake kwa sababu wanasema silii ovyo. Tutaona.

Asubuhi alisoma shule ya msingi, jioni chuo cha Kurani. Hesabu zilimpiga chenga, lakini neno moja la mwalimu wa chuoni lilimkaa: muuzaji akijua aibu ya bidhaa yake, yaani kasoro yake, ni haramu kuificha. Alimaliza darasa la nane mwaka 1966, akaingia kazini katika duka la vitambaa la mjomba wetu.

Mwaka 1978 alifungua duka lake, mkabala na fundi saa. Jora jipya likifika, alilikunjua lote mezani akitafuta doa au uzi uliokatika, na hapo akachomeka pini yenye kichwa chekundu. Mteja hajaambiwa bei, ameshaonyeshwa pini. "Kasoro kwanza, bei baadaye," alisema, na jina likamganda. Fundi saa alimtania, "Wewe unauza vitambaa au unavisengenya?" Wapo wateja walioondoka kweli. Wengi walirudi, wakaja na binti zao, kwa kuwa pasipo na pini mtu alikata kitambaa bila wasiwasi.

Mwaka 1981 alikuja msichana kununua kitambaa cha gauni. Alipoonyeshwa pini alisema, "Nipe hivyo hivyo, hapo patalala kwenye pindo." Kaka alipokwenda kumposa, alijianika mwenyewe mbele ya baba wa msichana: anakoroma, ana hasira kabla ya chai, na duka bado linasuasua. Binti ndiye aliyejibu kutoka nyuma ya pazia, "Hivyo hivyo." Walifunga ndoa tarehe 6 Juni mwaka huo.

Mtu huyo, ambaye hakuficha hata doa la punje ya mtama, alificha ugonjwa wake. Saratani ya ini iligunduliwa mwaka juzi. Mkewe alimwambia ni vidonda vya tumbo. Wifi aliujua ukweli Januari, kwa daktari aliyedhani mke ameshaambiwa. Aliumia sana, akawa hamsemeshi. Mimi pia nilimkasirikia kaka, na hasira yenyewe haijaisha. Kifo hakukiogopa. Aliogopa kuondoka bila radhi ya mkewe.

Wiki iliyopita, nikiwa nimekaa nao chumbani, alisema kwa tabu, "Mama watoto, nimekuuzia chenye kasoro, na pini sikuweka. Una haki ya kurudisha."

Wifi alikuwa akikunja shuka. "Nirudishe wapi, na duka linafungwa?" Akaiweka shuka chini, akamshika mkono. "Nilikuchukua hivyo hivyo, Baba. Lala."

Alifariki jana alasiri, Jumatatu tarehe 5 Mei 2025, mkono wake ukiwa bado umeshikwa.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, sisi nduguze wawili tuliobaki, na duka, ambalo binti yake mkubwa ataliendesha kwa pini zile zile.

Mola wetu, tunakukabidhi mja wako apumzike kwa amani. Hatuji kumsifia kwako. Kasoro zake unazijua kuliko sisi. Mpokee hivyo hivyo.