Mkato Uliofutika Ubaoni

Ndugu waombolezaji, nasimama kwa niaba ya familia kusoma historia ya kaka yetu, na niseme mapema kwamba naisoma kwa hasira, atakayeweza kunivumilia anivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa kifungua mimba wa mama yetu, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, ambako alichapwa kwa kuficha viwavi kwenye mkebe wa hesabu, akabandikwa jina la Mdudu, na jina hilo hakulionea haya hata siku moja.

Tarehe 2 Juni 1984 aliajiriwa katika shamba la maboga kuwa mkaguzi wa wadudu, akafunga ndoa na wifi yetu tarehe 9 Agosti 1987, wakajaliwa mabinti watatu, ambao walikua wakisikia mezani kwamba mdudu hakuijaza dunia kwa bahati, bali kwa sababu ni mdogo na punje humshibisha, ana mbawa za kukimbilia, huzaa kwa mamia, na tena kiwavi hula jani ilhali kipepeo hunyonya ua, kwa hiyo mzazi na mwana hawagombanii sahani, jambo ambalo, alisema, ukoo wetu umeshindwa.

Waliomcheka kazini aliwauliza nani atazoa mavi ya ng'ombe malishoni, ndege watawalisha nini makinda yao, na nani atabeba chavua kutoka ua dume hadi ua jike, maana ua la boga hufunguka asubuhi moja tu, likikosa nyuki limekwisha, na boga hakuna.

Ndiyo maana kila msimu wa maua aliandika kwa chaki kwenye ubao wa stoo ya dawa: "Ua, wadudu kazini." Wafanyakazi wote walijua maana yake, kwamba maua yamefunguka, wadudu wapo kazini, mabomba ya dawa yakae chini. Tarehe 3 Mei mwaka huu wa 2024, msimamizi mgeni aliegemea ubao ule, koti lake likafuta mkato, akageuka akasoma "Ua wadudu kazini", akaagiza mabomba kumi na mawili yapulizie saa moja asubuhi, hakuuliza mtu, kwani bosi huuliza? Marehemu aliingia mbio katikati ya dawa, hana hata kitambaa puani, akipiga kelele wazime, akatolewa amebebwa, akalazwa siku kumi na sita kifua kikimwaka, akafariki tarehe 19 Mei saa nne asubuhi.

Leo ripoti ya ofisi inasema amri ilikuwa ya marehemu, kwa mwandiko wake mwenyewe, na kwamba kifo ni uzembe wake. Uongo mtupu! Maiti hajitetei, lakini ana ndugu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kufua, wafanyakazi waliombeba, na zaidi ya wote mtunza stoo, aliyeona chaki mgongoni mwa lile koti, akakataa kusaini ripoti. Msimamizi hatumshukuru.

Juu ya kaburi mabinti zake wameandika maneno yale yale kwa rangi ya mafuta, mkato wake mnene kama kidole gumba, na huo koti halitaufuta.

Pumzika kwa amani, kaka, kusoma tutawafundisha sisi.