Beki na Sururu

"Miaka yote hiyo anacheza Kolkata, hajafunga hata goli moja! Huyo Zodinsanga mnamtukuza kwa lipi?"

Aliyeuliza ni mzee mwenye mwavuli, kiti cha mbele yangu, basi letu likipanda vilima vya mji wetu wa Aizawl, India, kwa kukoroma.

Mama aliyekaa kando yake, kapu la majani ya haradali mapajani, akamgeukia. "Kwani beki kazi yake kufunga, baba? Haya, nitajie mshambuliaji mmoja aliyempita."

Basi likakata kona baada ya kona, mzee akiwaza, asipate jina. Nami nilijaribu kimoyomoyo, sikupata.

"Basi hana akili," mzee akahamia huko. "Mwaka jana karudi likizo, goti lina bandeji, kakuta vijana wa mtaa wanamchimbia jirani kaburi. Naye kashika sururu, kapasua mawe mpaka jioni. Goti linalotegemewa na timu nzima!"

"Walimkataza. Akasema na yeye ni kijana wa mtaa."

"Ujinga mtupu! Kwani aliyekufa alikuwa nani, waziri?"

"Mume wangu. Alikuwa akiuza haradali, kama mimi."

Mtu niliyemshangilia uwanjani nikamwona upya, yumo shimoni, vumbi mpaka kwenye kope.

Tulipofika sokoni, mzee alilibeba lile kapu mwenyewe, akamteremshia mama kwa mikono miwili. Kisha akamwinamia, sauti ya chini kama anayeomba:

"Lakini mama, hata goli moja tu? Hata la kichwa?"