Shmuni Barsom, Mzaliwa wa Tarehe Tisa Oktoba

Historia hii inasomwa na Matay, kitinda mimba wa marehemu, kwa niaba ya familia, mbele yenu ndugu wa kanisa, majirani wa mtaa na nyote mliofika hapa Enschede leo Jumamosi, tarehe 23 Machi 2024, na familia inatanguliza kuomba radhi, kwa kuwa kifungu cha kwanza, ambacho kwa marehemu wengine ndicho chepesi kuliko vyote, kwetu ndicho kigumu.

Mama yetu mpendwa, Shmuni Barsom, alizaliwa katika kijiji kilicho karibu na Midyat, kusini mashariki mwa Uturuki, siku ambayo hakuna aliyeiandika, mama yake akishikilia kwamba ilikuwa wakati wa kukanyaga zabibu, baba yake akibisha kwamba theluji ilikuwa imeshaanguka, hadi karani wa serikali alipofika miaka mitatu baadaye na kumaliza ubishi kwa kuwaandika watoto wote wa kijiji tarehe 1 Januari, ndiyo maana vitambulisho vyake vinasema 1 Januari 1950, tarehe aliyoivaa miaka mingi kama koti la kuazima.

Kuhusu elimu, marehemu hakupelekwa shule, walipelekwa kaka zake, yeye alijifunza sala zote kwa kusikiliza tu, lakini msianze kumhurumia, shule yake ilikuwa bado njiani.

Tarehe 3 Septemba 1967 alifunga ndoa na baba yetu Yakub Barsom, fundi wa mawe, wakajaliwa watoto watatu, Gawriye mwaka 1969, Febronia tarehe 20 Agosti 1972, na huyu anayewasomea mwaka 1977, kisha tarehe 14 Machi 1978 mama akamfuata mumewe, aliyetangulia kuja hapa Enschede, Uholanzi, akafanya usafi katika kiwanda cha kufuma nguo hadi kilipofungwa mwaka 1983, halafu katika nyumba ya kulelea wazee hadi alipostaafu mwaka 2010. Zaidi ya miaka ishirini ya kwanza aliishi Uholanzi kwa Kiaramu, na kila alipogusia kujifunza lugha ya hapa, baba alimjibu, "Kiholanzi cha nini, mama Gawriye, si mwakani tunarudi kwetu?", na mwakani ikawa mwakani, mpaka mizabibu ya kule ikajifia yenyewe.

Sasa familia imekubaliana kulisema jambo ambalo halijawahi kusemwa hadharani. Tarehe 22 Mei 1984, marehemu akiwa na ujauzito wa miezi saba, alikwenda hospitali na Febronia, mtoto wa miaka kumi na moja aliyetolewa darasani ili aje kutafsiri, na daktari alipomaliza kupima alimwambia mtoto, naye mtoto akageuka akamwambia mama yake, "Mama, anasema mdogo wetu amelala, na hataamka tena." Marehemu alitueleza baadaye kwamba siku ile alimlilia Febronia kabla ya kumlilia aliyekuwa tumboni, na kwamba akiwa bado kitandani aliapa kuwa habari nzito haitapita tena kwenye kinywa cha mwanawe, kiapo ambacho hakujua atakitimiza vipi.

Baba yetu alifariki tarehe 11 Novemba 1998, sisi wana tulikuwa tumeshahama, na mwezi Machi uliofuata jirani wa ukuta kwa ukuta, Bi Diny Wolterink, mjane kama yeye, aligonga mlango akiwa na shajara mkononi, akamwonyesha kwa kidole Jumanne saa nne asubuhi, maana Bi Diny hakuwahi kumpokea mtu bila miadi, hata dada yake wa damu. Mama alikwenda na sinia la dolma, wali uliofungwa kwa majani ya mzabibu, la kulisha watu kumi, akapewa kahawa na biskuti moja, kisha akashuhudia kopo likifunikwa na kurudishwa kabatini, na jioni ile Febronia alipigiwa simu, "Amelifunika, mwanangu, nimeona kwa macho yangu haya, moja tu!", lakini Jumanne iliyofuata akarudi, na iliyofuata tena, kwa sababu Bi Diny alikuwa na kitu kilicholipita kopo, alikuwa na subira, akitaja kijiko, sukari, dirisha, mvua, huku mama akirudia.

Mwezi Septemba 2000 akaandikishwa darasa la watu wazima kwenye jengo la mtaa, kwa mwalimu wa kujitolea, Bwana Harm Oude Veldhuis, na hapo ndipo furaha ilipomvaa, ile sauti ya kooni ya Kiholanzi inayowatoa wanafunzi wengine machozi yeye alikuwa nayo tangu utotoni kwa Kiaramu, mwalimu akamwita mbele awaonyeshe wenzake, mwanamke wa miaka hamsini aliyekuwa hajawahi kuitwa mbele ya darasa lolote. Alipenda jinsi Waholanzi wanavyofanya kila kitu kuwa kidogo, kijikahawa, kijimvua, kijijua, akasema watu wanaoita jua kijijua hawawezi kuwa na moyo mgumu. Alisoma kwa sauti kila kibao cha barabarani, na kwa kuwa Bi Diny ni mtoto wa shamba, mama alishika matamshi ya wakulima wa hukuhuku Twente, hata alipokwenda Utrecht wakamuuliza ana ng'ombe wangapi.

Mwezi Septemba 2001 nusura yote yaharibike. Nyumbani kwa Bi Diny, kama katika nyumba nyingi za hapa, ile kalenda ya siku za kuzaliwa za ndugu na marafiki hutundikwa chooni, na siku aliyosema kwa moyo mweupe kwamba anataka kumwandika mama humo, mama alisimama, akaaga, akaondoka, kwa sababu Shmuni ni jina la mama mtakatifu aliyeuawa pamoja na wanawe saba, na yeye hakuona jina hilo linaingiaje chooni. Jumanne tatu hakukanyaga kwa jirani, darasani pia hakwenda, akamwambia Gawriye, "Kiholanzi basi, nimeshajua kinachotosha kununulia mkate," na kama mambo yangeishia hapo, kiapo chake kingekufa naye. Bwana Harm ndiye aliyemfuata nyumbani, kwa miadi, akamweleza, "Mama Shmuni, pale kila mwenye nyumba anakaa kila siku, na hana kingine cha kutazama, tunawaweka pale tusije tukawasahau."

Jumanne tarehe 9 Oktoba 2001 mama akagonga mlango wa jirani bila miadi, kosa kubwa kwa Bi Diny, na kabla hajafokewa alisema sentensi aliyokuwa ameipanga mwenyewe, "Diny, niandike." Bi Diny akachukua kalamu, akauliza tarehe, na mama akaeleza habari za zabibu, theluji na karani, kwa Kiholanzi, mwanzo hadi mwisho, nusu saa nzima, bila Febronia, bila mtu yeyote. Bi Diny akasema, "Siwezi kuandika theluji kwenye kalenda, wewe mwanamke, uzaliwe leo basi, keki nakwenda kununua."

Tangu hapo, kila tarehe 9 Oktoba viti vilipangwa duara sebuleni, na majirani walipoingia walimpongeza mama, kisha wakatupongeza na sisi mmoja mmoja, hongera kwa kuwa na mama, jambo lililowashangaza ndugu zetu wa kanisa mpaka nao wakalizoea. Na tarehe 5 Desemba 2003, siku ambayo watu wa hapa hutaniana kwa mashairi, marehemu alimtungia Bi Diny lake la kwanza, ambalo kwa maana yake linakwenda hivi, Diny jirani yangu, moyo wako mpana, ila kopo la biskuti unalifunga mapema sana.

Mwaka 2022 moyo ulianza kumsumbua, na Jumanne tarehe 6 Februari mwaka huu daktari alipovuta kiti na kumtazama Febronia, mama aliinua mkono, akasema kwa Kiholanzi, "Mimi ndiye mgonjwa, niambie mimi." Alisikiliza yote, akauliza maswali mawili, akashukuru, kisha akamgeukia Febronia, mtu mzima wa miaka hamsini na moja ambaye alikuwa ameelewa kila neno, akamshika mikono, akamtafsiria kwa Kiaramu, polepole, kama anavyoambiwa mtoto. Febronia anasema hajawahi kupewa kitu kikubwa kuliko hicho.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Jumapili, tarehe 17 Machi 2024, asubuhi, wanawe wote wakiwepo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliozungumza naye na si na sisi, wafanyakazi wenzake wa nyumba ya wazee, Bwana Harm aliyemfuata alipotaka kuacha, na majirani wote wa mtaa. Bi Diny Wolterink, aliyeketi hapa mbele, ameomba tangazo hili lisomwe kama alivyolisema, kwamba jina la Shmuni halifutwi, kwamba tarehe 9 Oktoba kahawa ipo saa nne, mje nyote bila miadi, na kopo litabaki wazi.

Mama, hongera kwa siku yako, pumzika kwa amani.