Barua Isiyoomba Kitu

Benchi lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya matofali, mbele ya chumba cha ushonaji cha Dada Pindo, na kila mzoefu alikuwa na sehemu yake iliyokwisha kulainika. Upande wa jua alikaa Katiba, karani mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hawezi kuomba hata chumvi bila kutaja sheria. Katikati alikaa Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye wateja wake hungoja na nusu ya kichwa mpaka hoja iishe. Mwisho kabisa alikuwa Spidi, fundi redio, na hilo jina alipewa na watu waliochoka kufuatilia redio zao. Pindo mwenyewe hakuwa mtu wa benchi. Yeye hushona karibu na mlango, mguu kwenye pedali, sikio nje. Lakini asubuhi hiyo cherehani ilikuwa kimya, muuza kahawa alikuwa ameshajaza vikombe mara mbili, na mazungumzo yalikuwa juu ya Pindo.

Mdogo wake wa mwisho alikopa kwa simu, akahama mji, akabadilisha laini. Kijana huyo ndiye aliyekuwa akipeleka nguo kwa wateja wa dada yake, kwa hiyo namba zao zote zilikuwa kwenye simu yake, na ile programu ya mkopo ilizikomba kabla haijamtolea hata senti. Wadai walipomkosa yeye wakawageukia wengine. Wakaanza na mama yao mzee, mwenye presha. Wakaja kwa wateja na majirani: “Fundi wenu ni mwizi, msimwachie vitambaa.” Bibi harusi mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kikiwa kimeshachorwa chaki, akakikunja bila kumtazama Pindo usoni. Na jana ujumbe ulifika kwa mwalimu mkuu wa shule ya ng'ambo ya barabara, aliyempa Pindo kazi ya sare za shule nzima. Mwalimu alisema kwa upole kwamba anataka kuona maandishi kabla ya saa sita mchana: Pindo amewajibu nini watu hao. Asipoyaona, sare zitakwenda kwa fundi mwingine. Na bila sare hizo, kodi ya kile chumba haikuwa na pa kutoka.

Ndiyo maana Katiba alikuwa na karatasi gotini, akiandika, huku wenzake wakimsaidia kwa midomo.

Wembe alishikilia kwamba wale wapigaji si wengi. Ni mtu mmoja mwenye sauti tano. Yeye amenyoa watu miaka yote hii na sauti ya mtu anaijua hata akiwa amefunikwa taulo la moto. Spidi akasema hapana, wanapiga kutoka gerezani, ndiyo maana wana muda. Kisha akaongeza kwamba simu ikizimwa wanaendelea kusikiliza kupitia spika, kwa sababu spika na maikrofoni ni ndugu, tena wote wawili yeye amewafungua kwa mikono yake.

– Dawa ni kuwakaribisha, Wembe akasema. Waambie waje. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Mwenyeji atapona vipi na wanakuja kubeba cherehani? Spidi akamuuliza.

– Bwana wewe, methali haiulizwi.

Katiba hakuinua kichwa. Alisema kisheria deni likiuzwa mara tatu hupoteza mwenyewe, kama mbwa. Na barua ikiandikwa kwa wino mwekundu haijibiki, maana wino huo ni wa mkaguzi. Basi wakabishana juu ya wino. Wembe akataka mwekundu, Spidi akataka barua iende kwa posta, taratibu, simba mwenda pole ndiye mla nyama. Pindo, mlangoni, akakumbusha kwamba saa nne imeshapita.

Wakati huo mteja mmoja akafika, mwanamke mjamzito aliyetaka gauni lake lifumuliwe ubavuni. Pindo akampokea gauni, Spidi akasogea, mama yule akakaa kupumzisha miguu. Hakuwa mtu wa kijiwe hicho. Akapewa kahawa, akakishika kikombe bila kunywa.

Simu ya Pindo ikalia. Namba ngeni. Alikuwa na pini mdomoni na gauni mikononi, akabonyeza spika.

– Nimetoka kuongea na mama yako, sauti ya kijana ikasema, laini kama ya mtangazaji. Anasema hana pesa. Nikamuuliza kitanda anacholalia ni cha nani. Akaanza kulia. Unaona raha kumliza mama yako?

Pindo akatoa pini mdomoni, moja moja.

– Mama yangu mnamtakia nini?

– Lipa, mama atalala.

Ikakatwa. Kwenye benchi Wembe akasema polepole kwamba kweli ni yuleyule wa sauti tano, halafu akaona haya kwa kulisema. Pindo alitamani kuitupa simu ile barabarani ipitiwe na lori. Badala yake akaiweka juu ya meza ya kukatia, skrini ikitazama chini, akamwambia Katiba amalize.

Katiba akamaliza. Akasimama, kwa sababu barua ya serikali husomwa kwa kusimama, akasoma:

– “Ndugu Mkurugenzi. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa heshima na taadhima, naomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Kutokana na ugumu wa maisha, naomba kuongezewa muda wa miezi mitatu ili niweze kukamilisha deni husika. Ni matumaini yangu kwamba ombi langu litapokelewa.”

– Hiyo imesimama, Wembe akasema.

– Imenyooka, Spidi akaafiki. Huyo mkurugenzi akiisoma atalia yeye.

Ilisikika vizuri kweli. Ilikuwa na mteremko ule wa barua zote ambazo Pindo aliwahi kusomewa shuleni na kanisani, na yeye alikuwa amechoka. Alikuwa hajalala vizuri tangu kitambaa cha bibi harusi kichukuliwe. Akachukua kalamu. Akaiegemeza karatasi kwenye mwimo wa mlango ili atie sahihi.

– Samahani, akasema yule mjamzito. Kwani deni ni la nani?

Katiba akamweleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba ni la mdogo wake.

– Yeye alilidhamini?

– Hakuambiwa hata.

– Sasa hapo anaomba radhi ya nini?

Katiba akaitazama barua. Wembe akasema damu nzito kuliko maji. Halafu akaangalia ndani ya kikombe chake, kana kwamba methali nyingine ilikuwa humo chini kwenye machicha. Spidi alijikuna shingo. Mama yule hakuwa anawachokoza. Alitaka tu kujua.

Pindo akaishusha kalamu. Hasira ilimpanda toka magotini, na ilipofika mdomoni haikuwa na kelele.

– Wameniita mwizi. Wamenifukuzia wateja. Leo wamemuuliza mwanamke wa miaka sabini kitanda chake ni cha nani. Na mimi ndiye ninayeomba radhi. Mzee, nilikuwa nimeshaigusisha kalamu.

– Dada, sikukusudia, Katiba akasema.

Akakaa. Akasema, safari hii bila kutaja kifungu chochote, kwamba ofisini kwake barua zilizopanda juu zilikuwa za kuomba tu: likizo, uhamisho, mkopo, mwisho pensheni. Za kukataa zilikuwa zinashuka. Yeye hajawahi kuiona inayopanda.

– Basi leo utaiona, Pindo akasema.

Akachukua karatasi nyingine, akaandika kwa mkono uleule anaoandikia vipimo, mistari mifupi. Kwamba deni si lake, hakulikopa wala kulidhamini, na hatalilipa. Kama wanasema ni lake, walete maandishi yenye sahihi yake. Kwamba wasimpigie tena yeye, wala mama yake, wala mteja wake yeyote. Wakiwa na neno, waliandike. Kwamba kumwita mtu mwizi mbele ya wateja wake na kumtisha mzee kitandani ni kuvunja sheria, na jumbe zote zimehifadhiwa. Nakala kwa mamlaka iliyowapa leseni, nakala polisi, nakala kwa mwalimu mkuu.

– Jumbe nani anazo? akauliza bila kugeuka. Mlitumiwa wote.

Wembe alikiri kwamba yeye alizifuta, alidhani anamsitiri. Spidi akatoa simu yake, akaifuta kwenye suruali, akampa.

– Mimi ninazo. Niliona aibu kukuonyesha. Andika na jina langu, kwamba nimeona.

Wembe akasema basi na lake liwepo, hata kama ameshafuta, macho hayafutiki. Pindo akayaandika yote mawili. Kisha akampa Katiba aisome, kwa sababu pamoja na yote hakuna aliyejua barua kama yeye. Mzee akapitisha kidole chini ya kila mstari. Hakukuta kosa. Akarudi juu, akaipitia tena, akiitafuta heshima yake ilipofichwa.

– Iko sawa, akasema hatimaye. Ila umesahau mwisho. Kabla ya jina huwekwa “wako mtiifu”.

– Mtiifu wa nani, mzee?

Katiba akafungua mdomo. Akamtazama Wembe, Wembe akamtazama Spidi, na Spidi akamnyooshea muuza kahawa kikombe. Muuza kahawa akainamisha buli. Halikutoa kitu.

Pindo akaandika majina yake yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, akavua subana kidoleni, akavuka barabara kwenda shuleni.