Kidonge cha Alfajiri

Benchi lilikuwa nje ya duka la fundi cherehani waliyemwita Sentimita, maana zamani alikupima kwa macho tu na nguo ikakukaa. Siku hizi mikono ilimtetemeka, na akifika mlangoni miguu ilimganda kana kwamba imepigwa misumari. Ndani, mezani, suti ya binti yake ilikuwa vipande vipande kwa wiki ya tatu sasa. Ni suti ya kuanzia kazi, na aliapa ataishona kwa mkono wake. Binti anaanza Jumatatu. Leo ni Alhamisi, na Sentimita amekumbatia kikombe cha kahawa kwa mikono miwili, anawasikiliza wenzake wakimtafutia mchawi.

— Ni ule mtambo wa hospitali, alisema Betri, fundi simu. Kamera kumi zinamkodolea mtu mmoja! Lazima zinanyonya nguvu.

— Na vile vigololi walivyombandika? alidakia Jaji, karani mstaafu wa mahakama. Vilikuwa vingapi, fundi?

— Thelathini na kitu. Magotini, viunoni, mabegani. Ukitembea kompyuta inaviona, inapima hatua zako na mkono unavyopunga.

— Basi wameuchukua mwendo wako! Kuna tajiri mahali anatembea nao sasa hivi.

— Pole yake. Atachelewa kila anakokwenda.

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Sentimita naye alicheka, lakini moyo ulimuuma, kwa sababu yeye alimjua mchawi. Hospitalini aliambiwa vizuri kabisa: njoo bila dawa yako ya kutetemeka, utembee, kisha umeze, usubiri saa moja, utembee tena, tulinganishe. Jambo jepesi. Ila binti alitaka kumsindikiza, na baba mtu hakutaka aonekane anaburuta miguu mbele ya mwanawe. Alfajiri akajifungia bafuni akameza kidonge. Mara ya kwanza akatembea kama bwana harusi, mara ya pili vilevile. Kompyuta haikuona tofauti. Daktari akaandika kwamba dawa haimsaidii, ikapunguzwa, ikaachwa. Jamani, mtu kujiroga mwenyewe!

Mama mmoja mgeni alisimama mbele yao na suruali yenye zipu mbovu.

— Hodi hapa. Fundi ni nani?

— Ni mimi, mama, ila mikono imegoma.

— Dawa ilishindwa, Betri alimweleza. Hata mtambo umethibitisha.

— Ule wa vigololi? Mama yangu naye walimpima hivyohivyo. Kwani siku ile ulikwenda bila kumeza?

— Si alikwenda bila! alisema Jaji. Au vipi, fundi?

Sentimita alitazama viatu vyake. Betri akatikisa chupa ya kahawa. Tupu.

— Nilimeza, alisema Sentimita.

— Ebo! Na sisi tunahangaika na tajiri! Jaji alifoka, kisha akaona uso wa mwenzake, akanywea.

— Basi mzee wangu, rudi uwaambie, mama alisema kwa upole. Watakupima upya.

— Kuwaambia wao nitaweza. Lakini binti yangu je? Aliponiona natembea vile alilia, akasema, baba, umerudi. Nimwambie nilikuwa namwigizia?

Betri alitoa simu yake mfukoni, akampa. Sentimita aliikumbuka namba, lakini kidole kiligusa tano badala ya mbili, kikafuta, kikakosea tena. Akaanza kuitaja kwa sauti, na mama akambonyezea.

Simu ilipopokelewa, Sentimita alijitaja.

— Shikamoo baba! binti aliita, na benchi zima likasikia. Umenipigia wakati nakuwaza. Suti imekwisha?

Jaji aligeukia barabara.

— Marahaba, mwanangu. Suti haijashonwa. Sikiliza, nilikudanganya.