Seline Anyango na Chupa Zilizopangwa Verandani

Ndugu waombolezaji, mimi ni Elsie, kifungua mimba wa marehemu, na kamati ya mazishi imeniomba niruke sehemu moja ya maisha ya Mama, nami nasema mapema kwamba sitairuka.

Seline Anyango Obiero alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, Asembo Bay, binti wa marehemu Mzee Oluoch na Mama Akello, akasoma huko huko hadi kidato cha nne mwaka 1992, na mwaka 1994 akaajiriwa Kisumu katika kiwanda cha minofu ya samaki aina ya mbuta, akianzia meza ya kukata hadi akawa mkaguzi wa ubora. Tarehe 2 Desemba 2000 alifunga ndoa na marehemu Griffins Obiero, wakatuzaa mimi na Dalmas.

Sasa ile sehemu. Mwaka 2012 wanunuzi kutoka Uhispania walikuja kiwandani, wakampikia mbuta wetu kwa kitunguu saumu, wakammiminia mvinyo mweupe wa kwao, na tangu hapo, ingawa kanisa letu linakataza pombe, Jumapili baada ya ibada chupa ilitoka kwenye friji, mvinyo uitwao albarinyo kwa mbuta wa nyanya, kwa kuwa una uchachu wa ndimu, na ule uitwao verdeho, usio na utamu, kwa dagaa wetu wa omena wa kukaanga, kwa kuwa omena, alivyosema Mama, ana uchungu wake na hataki kubembelezwa na kitu kitamu. Alikunywa glasi moja, ugali ukiwa moto, akacheka, akaosha vyombo.

Glasi ya pili ilikuwa ya Mama Dolphine Nabututu, jirani yetu wa mtaa wa Manyatta na mwenyekiti wa akina mama kanisani, ambaye hakukosa, na ambaye aliisogeza mwenyewe akisema, "Mama Elsie, ongeza kidogo, huyu samaki bado ana kiu."

Mwaka jana Mama aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na kabla ya kutuacha tarehe 9 Agosti 2025 aliomba jambo moja tu, akina mama wamsindikize kaburini kwa sare yao ya kanisa, kama alivyowasindikiza wenzao, Dolphine akiwa mbele. Kesho yake baada ya kifo, akina mama hao walikuja kutoa viti na kabati sebuleni ili waombolezaji wapate nafasi, naye Dolphine, aliyejua mlango upi wa kabati una nini, akazitoa chupa za mvinyo za akiba, akazipanga verandani, akamwambia Pastor, "Hata sisi tumeshangaa."

Kanisa likaamua hakuna sare. Mnawaona pale nyuma, na nguo za nyumbani. Haya basi, kama ni dhambi, ilikuwa na glasi mbili, mbona inazikwa na mtu mmoja?

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake wa kiwandani, waliofika hapa Bondo leo na makoti yao meupe ya kazi, wakaomba wao ndio wambebe.

Mama Dolphine, nafasi ya mbele alikupa Mama mwenyewe, sina mamlaka ya kuifuta, ukija utapishwa, ukikaa tutapita.

Mama, watu wako wamevaa. Twende, ukapumzike kwa amani.